Nani analipia kiti cha kijana? Uchambuzi wa kisa cha Year Up

Ushirikiano mwingi kati ya kampuni na mashirika ya vijana huanza na picha: hundi kubwa ya kadibodi, vijana wamevaa fulana mpya zenye nembo, mkurugenzi kasimama katikati. Kwa miaka kadhaa nimekuwa upande wa wanaopokea hundi hizo. Waliozitoa walikuwa na nia njema, na fedha zao zilitununulia kompyuta na kulipa walimu. Shida ilikuja miezi 6 baadaye, tulipoanza kupiga simu kuuliza kama kuna idara inayoweza kumpokea hata kijana mmoja kati ya wale waliokuwa kwenye picha. Simu ilipelekwa rasilimali watu, ikarudishwa mapokezi, ikapelekwa mawasiliano, ikakatika. Fedha zilikuwa zimetoka kwenye fungu la uwajibikaji kwa jamii. Nafasi za kazi zilikuwa mikononi mwa watu wengine, ambao hawakuwa wameombwa chochote wala kuahidi chochote.

Kwa sababu hiyo nimerudi kwenye kisa cha Year Up, shirika la Marekani linalowafunza vijana kazi na kuwaweka ndani ya kampuni, mara nyingi kuliko kingine chochote cha aina hii. Pale kampuni hailetewi ombi la msaada. Inaletewa ankara.

Wazo lililokaa kwenye insha

Year Up ilianzishwa Boston, Marekani, mwaka 2000 na Gerald Chertavian. Alipokuwa kijana mfanyakazi wa benki Wall Street, alijitolea kuwa kaka mlezi wa mtoto mmoja wa mtaa wa kipato cha chini jijini New York, na kadiri walivyozoeana ndivyo alivyoona jambo lililomuuma: mtaa ule ulikuwa umejaa vijana wenye akili na bidii ambao hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwafikisha mlangoni pa ofisi. Alipoomba nafasi katika shule ya biashara ya Harvard aliandika wazo la programu ya vijana hao ndani ya insha yake ya maombi. Kisha maisha yakampeleka kwingine. Akaanzisha kampuni ya teknolojia London, ikauzwa mwaka 1999, ndipo akairudia insha yake. Darasa la kwanza, mwaka 2001, lilikuwa la vijana 22.

Muundo wake, kama ulivyokuwa mwaka 2013 na 2014, ni mwepesi kueleza. Kijana wa miaka 18 hadi 24, wa familia yenye kipato kidogo, aliyemaliza sekondari au mwenye cheti kinacholingana nayo, anaingia kwa mwaka mmoja. Miezi 6 ya kwanza yuko darasani akijifunza fani kama tehama, shughuli za fedha, mauzo na huduma kwa wateja, au upimaji wa programu za kompyuta. Pamoja na fani hiyo anafundishwa kuandika barua pepe ya kazini, kusimama mbele ya watu na kueleza hoja, kuuliza swali kwenye kikao bila kuonekana mjuaji wala mnyonge. Baadhi ya masomo huhesabiwa na vyuo washirika. Miezi 6 ya pili anakaa kwenye dawati ndani ya kampuni, akifanya kazi ya kweli chini ya msimamizi wa pale, na mara moja kwa wiki anarudi kwa wenzake kuzungumza yaliyompata. Muda wote huo anapata posho.

Kuna kitu kimoja cha darasani ambacho ningependa kukikaribia zaidi, kwa sababu watu wengi wakikisikia mara ya kwanza hukikataa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kijana akianza husaini mkataba, na mkataba huo una pointi. Akichelewa, pointi zinakatwa. Asipoleta kazi aliyopewa, zinakatwa. Akija amevaa kinyume cha taratibu, zinakatwa. Pointi zikikatwa na posho yake inapungua. Akifanya vizuri anaweza kuzirejesha. Zikiisha kabisa, hakuna barua ya kufukuzwa: husemwa kwamba amejiachisha kazi mwenyewe. Na siku ya Ijumaa kundi huketi pamoja, walimu na vijana, na kila mtu anaambiwa usoni alichofanya vizuri wiki hiyo na anachopaswa kurekebisha.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza niliona ukali usiostahili kwa kijana ambaye huenda amechelewa kwa sababu amempeleka mdogo wake shule kwanza. Bado nadhani pointi bila mtu wa kumsikiliza kijana ni adhabu tu. Lakini Year Up huwa na walezi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii hapohapo, watu ambao kazi yao ni kujua kwa nini amechelewa na kutafuta njia. Na jambo lililonibadilisha mawazo ni hili: sheria hizi zipo katika kila ofisi, isipokuwa hazijaandikwa. Mtoto aliyelelewa na mzazi wa ofisini amezisikia mezani nyumbani tangu akiwa mdogo, bila kujua kwamba anafundishwa. Mwenzake anazijua siku anapoitwa kuambiwa asirudi tena. Kuziandika kwenye karatasi, kuzipa hesabu, na kumpa kijana miezi 6 ya kuzikosea mahali ambapo kukosea hakumgharimu ajira, kwangu hiyo ni heshima kwake.

Ankara

Sasa fedha, maana ndipo kisa chenyewe kilipo. Watafiti wa Abt Associates, waliofanya tathmini kubwa ya programu hii kwa ajili ya serikali ya Marekani katika mradi uitwao PACE, walikokotoa kwamba mwaka mmoja wa kijana mmoja uligharimu wastani wa dola 28,290. Ni fedha nyingi. Lakini asilimia 59 ya fedha hizo zililipwa na waajiri, kama malipo ya kila kijana waliyempokea kwa mafunzo kazini. Taasisi za hisani na watu binafsi walitoa karibu yote yaliyobaki, na sehemu ya serikali ilikuwa ndogo sana.

Tuziangalie taratibu zinazofuata malipo ya namna hiyo, kwa sababu hapo ndipo ushirikiano wa kawaida hukosa. Mkuu wa idara akishalipia kiti, ana sababu ya kutaka kumjua atakayekikalia. Atauliza kijana anajua nini. Akiletewa kijana ambaye hajui kutumia jedwali la hesabu ilhali kazi ya idara nzima ni majedwali, atalalamika, na malalamiko yake yatamfikia mwalimu kabla darasa linalofuata halijaanza. Mwaka ukipita na kampuni ikaomba viti vichache vya kutengeneza kompyuta na vingi vya kupima programu, darasa linabadilika, maana viti hivyo ndivyo vinavyolipa mshahara wa mwalimu. Kamati ya ushauri ya waajiri, ile inayokutana mara mbili kwa mwaka na kunywa chai, haiwezi kuleta msukumo wa aina hii hata ikiwa na wajumbe wazuri kiasi gani. Nimekaa kwenye kamati kama hizo. Wajumbe wanatoa ushauri mzuri wasiolazimika kuishi nao.

Kwa kampuni nayo hesabu inaeleweka. Inapata miezi 6 ya kumwona mtu akifanya kazi kabla ya kuamua kumwajiri, jambo ambalo hakuna usaili wa saa moja unaoweza kulileta. Benki na kampuni za teknolojia kubwa, zikiwemo State Street, JPMorgan Chase na Microsoft, zilikuja kuwa miongoni mwa zinazopokea vijana hawa. Mwaka 2015 taasisi ya hisani ya State Street ilitangaza dola milioni 20 kwa miaka 4 kwa mashirika matano ya Boston, Year Up likiwa mojawapo, na kampuni yenyewe ikaahidi pamoja na fedha hizo kuajiri vijana 1,000. Hundi kubwa, naam, na sina ugomvi na hundi. Kando yake iliandikwa idadi ya ajira.

Kura na miaka iliyofuata

Programu nyingi za vijana hupimwa kwa kuwahesabu waliofika. Year Up ilikubali kupimwa kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 2013 na 2014, katika miji minane ya programu hiyo, vijana 2,544 waliokwisha kuomba na kukubaliwa kuwa wanafaa waliingizwa kwenye kura ya bahati nasibu. Vijana 1,669 walipata nafasi. 875 hawakupata, wakabaki huru kutafuta masomo au kazi mahali pengine popote. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowatenganisha, tofauti ya maisha yao baadaye ingeweza kuhesabiwa kuwa kazi ya programu, si kazi ya bidii walizozaliwa nazo.

Natambua ugumu wa kumwambia kijana aliyestahili kwamba amekosa kwa kura. Waliofanya hivyo walikuwa na waombaji wengi kuliko viti, kwa hiyo wengine wangekosa kwa vyovyote. Bado ni simu ambayo nisingependa kuipiga.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa hasara, na hili lisipite haraka. Wakati wa mwaka wa mafunzo, vijana wa Year Up walipata kipato kidogo kuliko wale waliokosa kura, kwa sababu wenzao walikuwa kazini na wao walikuwa darasani kwa posho. Kwa familia inayomtegemea kijana wa miaka 20 kuchangia kodi ya nyumba, hasara hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowaondoa wengi mapema. Takriban robo tatu ya waliopata nafasi walimaliza.

Kisha mstari ukageuka. Katika robo mwaka ya 6 na ya 7 baada ya kura, kijana wa kundi la Year Up alikuwa na kipato cha wastani wa dola 5,454 kwa robo mwaka, na mwenzake wa kundi la ulinganisho dola 3,559. Tofauti ya dola 1,895, yaani asilimia 53. Wastani huo unawajumuisha hata walioacha njiani na wale ambao hawakuanza kabisa. Watafiti waliendelea kuwafuatilia, na tofauti haikuyeyuka kama inavyoyeyuka katika programu nyingi za mafunzo ya kazi: miaka mitano baadaye bado ilikuwa kati ya dola 7,000 na 8,000 kwa mwaka.

Ongezeko hilo lilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa halikutokana na kwamba hawa wana kazi na wale hawana. Wale pia walipata kazi, kwa sababu kijana anayetafuta kazi kwa miaka miwili huishia kupata kazi ya aina fulani. Hawa walipata kazi nzuri zaidi, zenye malipo makubwa kwa saa na saa nyingi zaidi. Mwanauchumi Lawrence Katz wa Harvard na wenzake, walipozichambua mwaka 2022 programu kadhaa za Marekani zinazolenga sekta maalumu, Year Up ikiwemo, walifika hapohapo: faida inatoka kwenye kumhamishia mtu katika kazi na sekta zinazolipa vizuri ambazo kwa njia zake mwenyewe asingezifikia.

Hapo narudi kwenye ile simu iliyokatika. Mafunzo tuliyokuwa tunatoa yalimwandaa kijana kuomba kazi. Hayakumweka ndani ya jengo. Kwa kijana asiye na shahada wala mjomba ofisini, kuwa ndani ya jengo kwa miezi 6, akijulikana kwa jina, ni jambo ambalo darasa haliwezi kulitoa hata likiwa zuri namna gani.

Yanayonisumbua

La kwanza ni mchujo. Vijana waliingia kwenye kura baada ya kuandika insha, kuhojiwa na kuangaliwa kama wana vikwazo ambavyo programu haiwezi kuvimudu: wasio na mahali pa kulala, wenye tatizo la dawa za kulevya, wasio na wa kumwachia mtoto. Hao walielekezwa kwingine. Naelewa sababu. Kampuni iliyolipia kiti haiwezi kuvumilia kiti kitupu, na kijana mmoja aliyeshindwa vibaya anaweza kuwafungia wenzake kumi idara nzima. Lakini tusijidanganye kuhusu hizo asilimia 53. Zinamhusu kijana maskini aliye tayari kwa kiasi fulani. Mpango unaomlipisha mwajiri kwa kila kiti utawavuta daima walio karibu na mlango, na walio mbali watahitaji fedha za namna nyingine, za serikali au za hisani, zisizomtaka mtu alete faida ndani ya mwaka. Wanaotaka kuiga muundo huu na kuondoa ruzuku zote wanawaacha hao nje.

La pili ni malipo ya kijana mwenyewe. Kampuni inalipa Year Up. Kijana anapata posho. Anakaa dawati moja na mwajiriwa, pengine anapokea simu zilezile za wateja, na anachopeleka nyumbani ni sehemu ndogo ya kile kampuni imekilipia. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Najiambia kwamba fedha ile ndiyo iliyomlipia darasa, mlezi na mtu wa ustawi wa jamii, na kwamba hata hivyo haikutosha kugharamia mwaka mzima. Hoja hiyo naikubali palipo na tathmini iliyoonyesha kwamba baadaye alifidiwa mara nyingi. Siikubali kwa kampuni inayochukua vijana kila baada ya miezi 6, inawatumia kama wafanyakazi wa bei rahisi, na haijaajiri hata mmoja. Mkataba wowote wa namna hii unapaswa kusema ni wangapi kati ya waliomaliza walipewa ajira, na kampuni inayoacha nafasi hiyo tupu mwaka wa pili isiletewe kijana mwaka wa tatu.

La tatu ni hali ya soko. Kundi lililopigiwa kura mwaka 2013 na 2014 liliingia sokoni uchumi wa Marekani ukiwa unapanda. Mpango unaokula kutoka kwenye bajeti za idara hudhoofika siku idara zinapokatwa bajeti, na siku hizo ndizo vijana wanaohitaji mlango huwa wengi zaidi.

Na kuna ukubwa. Year Up imekua kutoka vijana 22 hadi maelfu kwa mwaka. Vijana wa Marekani wasio shuleni wala kazini wamekuwa wakihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 4. Ili kupunguza gharama, shirika lilitengeneza toleo linalokaa ndani ya vyuo vya jamii, ambamo masomo ya fani hutolewa na chuo. Pia lilishiriki kuanzisha kampeni ya Grads of Life, iliyowashawishi waajiri kuacha kudai shahada kwa kazi zisizoihitaji. Naona hilo la pili lina uzito kuliko linavyopewa. Sharti moja likifutwa kwenye tangazo la kazi linafungua viti vingi ambavyo hakuna shirika litakalohitaji kuvilipia.

Nisiache kusema kwamba mwajiri kulipia kiti si njia pekee. Mwaka 2011 IBM ilishirikiana na mamlaka ya elimu ya jiji la New York na chuo kikuu cha umma cha jiji hilo, CUNY, kufungua P-TECH huko Brooklyn: shule ya miaka 6 inayomtoa mwanafunzi na cheti cha sekondari na stashahada bila ada. Pale fedha za umma ndizo zilizobeba sehemu kubwa, na kampuni ikaleta walezi, mafunzo kazini na ahadi ya kuwapa wahitimu kipaumbele kwenye usaili. Shule za aina hiyo nazo zilipimwa kwa kutumia kura ya udahili, na baada ya miaka 2 asilimia 42 ya wanafunzi wake walikuwa wamefaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama za kuwaruhusu kuanza masomo ya chuo, dhidi ya asilimia 25 ya wenzao. Ni matokeo ya elimu, na ni mazuri. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye shule ilishampita, P-TECH haina nafasi yake. Year Up inayo.

Tathmini ile haikuundwa kutenganisha kipande kimoja na kingine, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ankara peke yake ndiyo iliyoleta dola 1,895. Kuna pointi, kuna walezi, kuna wenzake wa darasani waliokuwa wakimpigia simu asubuhi. Lakini nikitazama programu tulizoziendesha sisi, walezi tulikuwa nao, walimu wazuri tulikuwa nao, na vijana walipendana. Mtu mwenye nafasi za kazi ndiye aliyekuwa hayupo.

Kwa hiyo siku hizi, kampuni ikija na fedha, naomba kikao cha pili kihudhuriwe na mkuu wa idara yoyote inayoajiri watu wa ngazi ya chini. Mara ya mwisho tuliwaomba wapunguze mchango wao wa vifaa, na kiasi hicho wakigeuze kuwa malipo ya viti vya mafunzo kazini kwa miezi 6. Ofisi ya mawasiliano haikuwa na mamlaka ya kujibu, ikabidi wapeleke ndani. Jibu lilichukua wiki 3. Lilikuwa la mistari michache: viti 4, idara ya huduma kwa wateja, saa za kazi, na jina la msimamizi atakayewapokea Jumatatu ya kwanza.